Silinda Niliyoiapia Uongo Mji wa Kale

Wenzangu wa Nakuru, mmeniuliza mpaka nimeanza kupita uchochoro wa nyuma ya soko nisije nikakutana nanyi. Mbarak, mkutano wa skuta ulikuwaje? Zawadi uliipata? Na skuta yenyewe mbona hatuioni? Nami kila mara nimejibu "ulikuwa mzuri" nikageuza maneno. Leo nimekaa kitako niwaandikie. Naandika bila kupumzika, maana nikisimama sitaweza kuanza tena.

Mnajua silinda ya skuta yangu imekwisha. Yatoa moshi hadi jirani anafunga dirisha, na silinda ya aina ile haiuzwi tena popote. Na mnajua pia kwamba mwaka huu pale Mombasa, zawadi ya aliyetoka mbali kuliko wote ilikuwa silinda hiyo hiyo pamoja na pistoni yake, mpya, bado imo kwenye karatasi ya grisi, imetolewa na fundi mmoja aliyefunga karakana yake. Sharti ni moja tu: ufike kwa magurudumu ya skuta yako, si juu ya gari. Wala hakuna anayekukagua. Unaweka kiganja juu ya kiti, unasema, "Nimekuja kwa magurudumu yake," na mwenyekiti anajibu, "Tumekusadiki." Basi. Kumwuliza mtu zaidi ya hapo ni kumtukana.

Niliitaka silinda ile kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huu. Hilo mlijue kabla hamjaendelea.

NAKURU HADI EMALI

Mlinisindikiza wenyewe Alhamisi asubuhi, mkanipigia makofi. Mpaka Naivasha nilijiona mfalme. Kupanda kutoka Mai Mahiu ndiko kulikonivua ufalme: gia ya kwanza, malori yananipigia honi nyuma, baridi imeingia mpaka kwenye meno. Nairobi niliipita bila hata kushuka kunywa chai. Nikafika Emali magharibi, mgongo haunyooki.

Pale kwenye kituo cha mafuta ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Skuta hizi za zamani petroli yake huchanganywa na oili, la sivyo pistoni huchomeka. Nikafungua tangi, nikaanza kumimina oili. Dada wa pampu akapiga ukelele.

"Mzee! Mzee! Hapo ni pa petroli! Unaiua!"

"Ndivyo inavyokunywa, binti yangu."

"Hakuna kitu kama hicho! Jamani, njooni mumsaidie huyu mzee!"

Wakaja watu watano. Mmoja, mwenye huruma kuwashinda wote, akanipokonya mkebe wa oili akauficha nyuma yake, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Nikaeleza, nikafoka, nikaeleza tena. Waliponirudishia mkebe nilikuwa nimechoka na nimekasirika, nikaondoka bila kumalizia kipimo. Wao walikosa kwa kutojua. Mimi najua, tena nimeendesha mashine hii miaka ishirini, nikaondoka kwa hasira za kijinga.

EMALI HADI MTITO ANDEI

Ijumaa, karibu na Kibwezi, injini ikabana. Ukiwa kwenye skuta hupati onyo: gurudumu la nyuma linashika ghafla, na usipowahi kubana klachi unakwenda kuibusu lami. Niliwahi. Nikasukuma mpaka kivulini, nikaongeza oili niliyopaswa kuiongeza jana, nikangoja ipoe. Lakini silinda ilishachunika. Tangu hapo kila nusu saa nguvu zinakatika, nasimama, nangoja, nawasha, nakwenda, nasimama. Mama mmoja muuza maembe aliniona nimeketi mara ya nne akaniletea maji bila kuniuliza kitu.

Nilifika Mtito jioni. Mkutano ulikuwa Jumamosi baada ya alasiri. Nikapiga hesabu kitandani: kwa mwendo ule nitafika Jumapili. Zawadi itakuwa imekwenda, na nitarudi Nakuru na silinda iliyokufa kabisa.

MTITO ANDEI HADI MIRITINI

Asubuhi nilikula chapati na maharagwe meza moja na dereva wa lori anayeitwa Mutua. Mtu mcheshi, mwenye tumbo la kuheshimika. Alikuwa anashuka Mombasa na lori tupu. Nikamsimulia mashaka yangu.

"Sasa unalia nini?" akasema. "Tupakie hicho kikweche chako. Saa saba uko Miritini."

Nikamwambia kuna sharti. Akatafuna, akameza.

"Nani atakuona?"

Wallahi, sikubishana naye hata kidogo. Nilikuwa nimeshajijibu kabla hajauliza. Nilijiambia nimeendesha kutoka Nakuru hadi hapa, hakuna mwingine atakayetoka mbali hata kiasi hicho. Nilijiambia skuta imeharibika kwa makosa ya watu wa Emali. Ukitaka kuiba, sababu huja zenyewe. Tukaipandisha skuta, tukaifunga kamba, nikaketi mbele na Mutua.

Tulipoipita Voi mvua ikaanza kunyesha. Karibu na Maungu nikaona mbele yetu taa moja nyekundu, hafifu. Skuta ya zamani, rangi ya kijivu, na juu yake mtu kavaa koti la mvua la plastiki, amejikunyata. Tulipoipita, gurudumu la lori liliingia kwenye dimbwi, maji ya tope yote yakamwagikia. Nikageuka. Alikuwa mama mtu mzima. Hakututukana. Alitazama juu, akaiona skuta yangu ya manjano imefungwa kamba, akainua mkono akaipungia. Ndiyo desturi yetu, mnajua: mwenye skuta akiona skuta, humsalimu mwenziwe. Mimi nikateleza kwenye kiti mpaka kichwa changu kikawa chini ya dirisha.

"Unamjua?" Mutua akaniuliza.

"La," nikamwambia, "simjui."

MAKUPA NA TUDOR

Miritini tukaishusha. Ilikuwa imepoa tangu jana, ikawaka kwa teke la kwanza. Nikaendesha polepole Changamwe, nikavuka Makupa, nikaingia kisiwani nilikozaliwa, na furaha niliyoizoea nikivuka pale sikuiona. Nilifika Tudor kwa dada yangu, Da Mwanaisha, nikiwa msafi kiasi kwamba nilisimama kwanza nyuma ya fleti nikajipaka tope la mfereji kwenye suruali. Mtu wa miaka hamsini na sita! Nilijipaka tope kwa mkono wangu mwenyewe.

Da Mwanaisha alishuka ngazi mbio na leso mkononi.

"Yarabi! Waja na kile kikweche toka Nakuru? Wewe Mbarak una wazimu!"

"Nimefika, Da Mwanaisha."

"Mgongo wako je? Hebu geuka nikuone. Masikini, tazama alivyochafuka!"

Akawaita majirani. "Njooni mumuone ndugu yangu! Siku tatu barabarani!" Mmoja akaniletea juisi ya ukwaju, mwingine akataka kujua kama simba niliwaona. Sikusema uongo hata mmoja pale ngazini. Nilinyamaza tu, nao wakawa wanauongeza wao. Kisha nikawekewa biriani, na nyama kubwa ikawekwa upande wangu. Nilikula yote. Naona aibu kusema kwamba ilikuwa tamu.

MJI WA KALE

Mkutano ulikuwa Kibokoni, uani kwa Bwana Shee. Huyu ndiye mwenyekiti wetu, fundi wa kushona kanzu, mtu wa makamo, mpole, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Skuta zilipangwa mpaka nje uchochoroni, watu wa tuktuk wakawa wanalaumu kwamba njia imezibwa. Kulikuwa na viazi karai, kaimati, kahawa na halwa. Kila mtu ameinama kwenye mashine ya mwenziwe, anauliza kabureta hii umeitoa wapi, taa hii ni ya asili au ya kubandika. Siku nyingine ningeiita pepo. Siku ile kila aliyenipa mkono nilitamani auachie upesi.

Ikafika zamu ya kiapo. Waliotoka hapa kisiwani hawasemi kitu. Wanaosema ni waliotoka mbali. Akasema wa Kilifi, akasema wa Ukunda. Bwana Shee akanigeukia.

"Ndugu yetu Mbarak. Karibu nyumbani."

Nikaweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto la jua.

"Nimekuja kwa magurudumu yake," nikasema.

"Tumekusadiki," Bwana Shee akajibu, na macho yake yalikuwa na furaha ya kweli. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akanibusu kichwani.

Makofi hayajaisha, tukasikia mlio uchochoroni. Skuta ya kijivu ikaingia, inakohoa, inatoa moshi mweupe. Juu yake yule mama wa Maungu, tope limemkauka mpaka kwenye nyusi. Akavua kofia ya chuma.

"Mnisamehe kuchelewa," akasema. "Naitwa Wakesho, natoka Wundanyi. Mimi ni mkunga mstaafu, lakini kina mama wa mlimani hawajui kustaafu ni nini."

Watu wakacheka. Akaonyeshwa jinsi ya kuapa, akaweka mkono juu ya kiti kilicholowa.

"Nimekuja kwa magurudumu yake," akasema, kisha akafikiri. "Na mara mbili kwa miguu yangu, nikiisukuma."

"Tumekusadiki, mama!" Bwana Shee akasema, na uwanja wote ukaangua kicheko.

Alipokuwa anapewa maji ya kunawa, macho yake yakatua juu ya skuta yangu. Rangi ile ya manjano huwezi kuichanganya na nyingine, na lile sanduku jeupe la nyuma. Akaizunguka. Alipita taratibu kama mkunga anayemkagua mzazi, hakugusa kitu. Kisha akauliza ni ya nani, akaonyeshwa mimi. Tukatazamana. Hakukunja uso. Alinitazama tu, akingoja.

Bwana Shee akaileta silinda juu ya sinia, imefunikwa kitambaa. Akasema anayetoka mbali kuliko wote ni mimi, na anayefuata ni Bi Wakesho. Kisha akauliza, kama aulizavyo kila mwaka, kwa ada tu:

"Kuna mwenye neno?"

Nilisikia mafuta ya viazi yakichemka. Bi Wakesho alinitazama mimi, si Bwana Shee. Nami nikatazama viatu vyangu, vyenye tope la mfereji wa Tudor. Naye akainama, akaanza kufuta plagi yake kwa ncha ya leso.

Nikapewa silinda. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

LIWATONI

Jumapili asubuhi nilimwambia Da Mwanaisha natoka kununua mahamri. Nilikuwa nimesikia kwamba Bi Wakesho amefikia kwa binti yake karibu na Liwatoni. Nikachukua tuktuk, silinda imo ndani ya kikapu cha sokoni cha dada yangu.

Sikuhitaji kuuliza nyumba. Nilimwona pale pale wanapotengenezea mashini za boti, ameketi juu ya kreti ya samaki, na skuta yake imefunguliwa yote. Fundi wa mashini alikuwa ameshika silinda yake ya zamani, anaingiza kidole.

"Mama, hii imekwisha," fundi akasema. "Naweza kuipiga msasa, lakini hata Mazeras hufiki."

"Shikamoo, Bi Wakesho," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Naona hukulala."

Fundi akatupisha, akaenda kunawa mikono. Nikabaki nimesimama na kikapu changu.

"Jana uliniona kwenye lori," nikamwambia.

"Nilikuona. Nilidhani umeharibikiwa. Nikakuombea njia nzima mpaka Mariakani."

Ningetukanwa ningestahimili. Nikachuchumaa pale pale kwenye magamba ya samaki.

"Mbona basi hukusema?"

"Niseme mimi, halafu silinda nipewe mimi? Si ningeonekana nimekuchongea kwa tamaa? Nilikungoja wewe. Yule bwana alipouliza kama kuna mwenye neno, nilijua ni wewe mwenye neno."

Nikaitoa silinda kikapuni. "Hii ni yako. Ichukue."

Aliitazama kwa muda mrefu. Nilijua jinsi alivyokuwa akiihitaji. Akaniambia kuna wanawake watatu mlimani wanaongoja siku zao, na huko kwao gari haliendi, njia ni ya skuta na miguu. Kisha akaisukuma silinda irudi kwangu kwa vidole viwili.

"Wenye kitu umeshawaambia?"

"Bado."

"Basi si yako, huwezi kunipa. Mrudishie yule bwana. Akinipa yeye, nitapokea kwa mikono miwili."

"Bi Wakesho, nitaaibika."

"Utaaibika," akasema. "Ndiyo."

Nikarudi Mji wa Kale na kikapu. Bwana Shee alikuwa kwenye cherehani, anatia darizi kwenye shingo ya kanzu. Aliponiona akafurahi, akasimamisha mashine, akauliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni, haraka haraka, kuanzia Emali. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipomaliza akaendelea kukaa vile, kidole chake kinafuata darizi mbele na nyuma.

"Miaka yote hii," akasema mwisho, "sijawahi kumwuliza mtu swali la pili."

"Nisitiri, Bwana Shee. Nakuomba. Da Mwanaisha hapa mjini ana heshima yake."

"Jina lako halitatoka kinywani mwangu."

Akafunga duka, tukapanda tuktuk mpaka Liwatoni. Akamkabidhi Bi Wakesho silinda kwa mikono miwili. "Mama, jana tulikosea," akamwambia. Alisema tulikosea, yeye ambaye hakukosa kitu. Fundi akaifunga, ikawaka, ikalia safi, bila moshi. Bi Wakesho akavaa kofia yake, akamshukuru fundi, akamshukuru Bwana Shee. Mimi akaniambia, "Kwaheri, mwanangu. Kunywa maji, umekauka midomo." Akaondoka. Alinionea huruma, lakini hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba.

KURUDI

Skuta yangu iko Tudor, chini ya ngazi za Da Mwanaisha, imefunikwa shuka. Nilirudi kwa basi. Da Mwanaisha bado anawaambia majirani habari za ndugu yake na siku tatu barabarani. Alinifungia kaimati za njiani, sikuweza kuzila.

Tulikuwa tumefika Mtito, basi limesimama ili watu wale chakula, simu yangu ikalia. Ujumbe wa Bwana Shee kwenye kundi letu la skuta, ule ambao nanyi mliupata: kuanzia mkutano ujao hakuna kiapo. Kila atokaye nje ya kisiwa alete picha ya mita ya kilomita ya skuta yake alipoanzia, na nyingine alipofikia. Tuwiane radhi. Hakuongeza neno.

Mliona jinsi kundi lilivyowaka. Kumetokea nini? Ni nani huyo? Nyinyi wenyewe mliuliza, na mmoja wenu akaandika kwamba mtu kama huyo anapaswa kufukuzwa, na akaniambia nimuunge mkono. Na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa nimeketi kwenye basi, nikaandika: "Kweli kabisa."

Kisha akaandika yule mzee wa Malindi, ambaye amekuja kila mwaka tangu kundi lianze, na ambaye simu anaisoma kwa shida. Aliandika hivi: "Mita ya vespa yangu ilikufa zamani, spea hakuna. Basi mimi nisije tena?"

Hakuna aliyemjibu. Sote tuliliona swali lake, tukalipita, tukaendelea kutafuta mwizi.

Nimengoja wiki tatu mtu mwingine amjibu. Leo nimeandika haya yote, na nikimaliza siwapelekei nyinyi peke yenu. Nayaweka kundini, chini ya swali lake, nikianza hivi: Mzee wangu, njoo. Wewe ulisadikiwa siku zote kwa sababu ulikuwa mkweli. Aliyeapa uongo ni mmoja, jina lake Mbarak, wa Nakuru, ndugu yake Mwanaisha wa Tudor.